Upepo Mwingi, Upepo Mkavu: Kuchagua Kompresa ya Rangi ya Magari katika Mwambao wa Kilwa na Lindi

Katika mwambao wetu huu wa kusini, tangu Somanga na Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, na kuteremka mpaka Lindi na Mingoyo, kazi ya kupiga rangi magari imezidi kustawi tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuziunganisha kingo mbili za Rufiji. Kwani magari ya abiria, ya samaki, ya ufuta na ya korosho yamekuwa mengi, na hewa ya bahari yenye chumvi hailisamehe bati lililokwaruzwa likaachwa wazi. Rangi ya gari hapa kwetu si pambo tu, bali ni hifadhi ya chuma dhidi ya kutu. Na kwa sababu hiyo fundi anayeanza kujitegemea, akisha kununua misasa na puti, fedha zake za kwanza zilizo nyingi huziweka katika kompresa. Taksiri inayotokea mara kwa mara ni kwamba mashine hiyo huchaguliwa kwa kutazama ukubwa wa tangi na wepesi wa bei, ilhali mambo yanayostahiki kutazamwa mwanzo ni mawili: wingi wa upepo ambao mashine huutoa kila dakika, na ukavu wa upepo huo ufikapo kwenye bunduki ya rangi.

Na tuanze na wingi. Bunduki za siku hizi zinazotumia upepo mwingi wenye msukumo mdogo, zile zijulikanazo kwa herufi HVLP, huhitaji aghalabu kati ya lita 250 na 400 za upepo kwa dakika, kwa msukumo wa kadiri ya bar 2 kwenye mkono wa bunduki. Nazo zimependwa kwa sababu zaidi ya nusu ya rangi hufika kwenye bodi ya gari, ambapo bunduki za kale za msukumo mkubwa huipeperusha sehemu kubwa ya rangi ikapotea hewani na kuingia vifuani mwa watu. Tangi nalo ni mfano wa mtungi: huyahifadhi maji yaliyochotwa, lakini haliongezi chemchemi ya kisima. Chukua tangi la lita 100 lililojazwa hadi bar 8. Likishuka mpaka bar 4 litakuwa limetoa lita 400 tu za upepo. Ikiwa bunduki inakula lita 300 kwa dakika, na mashine inasukuma lita 200, upungufu ni lita 100 kila dakika, na tangi litaishiwa katika dakika 4, hata kama mashine ilianza kusukuma tangu mwanzo. Paa la gari kubwa halijakwisha, msukumo umekwisha. Rangi huanza kutoka kwa matone makubwa, na bati huota vipele mfano wa ganda la chungwa.

Wala usiyategemee maandishi ya kibandiko peke yake, kwani mara nyingi hesabu iliyoandikwa pale ni ya hewa inayovutwa na pistoni, si ya upepo unaotoka, na baina ya hizo mbili waweza kupungua thuluthi nzima. Mnunuzi ana haki ya kuomba mashine iwashwe mbele yake. Funga bomba la kutolea upepo, tazama geji, na uhesabu muda mshale unaochukua kupanda kutoka bar 4 hadi bar 8. Kisha zidisha ukubwa wa tangi kwa hizo bar 4 zilizoongezeka, ugawanye kwa dakika. Tangi la lita 100 lililochukua dakika 2 linakujulisha kwa yakini kwamba mashine yake hutoa lita 200 kwa dakika, hata kama kibandiko kinadai 300. Kwa kukadiria, kila nguvu moja ya farasi katika mota hutoa takriban lita 80 hadi 100: mota ya farasi 3 yenye silinda mbili na mkanda inamtosha anayepaka mlango mmoja mmoja kwa bunduki ndogo, bali anayekusudia kupaka gari zima bila kusita atafute farasi 5 na nusu, pamoja na tangi la lita 200 au zaidi.

Hapo ndipo suala la umeme linapoingia. Mota ya farasi 3 kwenye umeme wa kawaida wa volti 230 hula ampea 14 hivi ikiwa katika mwendo, lakini wakati wa kuwaka huhitaji mara kadhaa ya kiasi hicho. Ikiunganishwa kwa waya mwembamba wa kurefushia uliotandazwa toka dukani kwa jirani, volti hushuka, mota hunguruma pasipo kuzunguka, na hatimaye huungua. Kanuni njema ni kurefusha mpira wa upepo badala ya kurefusha waya, na mpira huo uwe na uwazi wa milimita 10, kwani wa milimita 6 huunyonga upepo kabla haujaifikia bunduki. Mashine ya farasi 5 na nusu yataka umeme wa njia tatu, na mwenye kuitaka aupate umeme huo kwanza ndipo anunue mashine.

Jambo la pili, ambalo kwa watu wa pwani ndilo zito kuliko yote, ni maji. Hewa yenye joto la nyuzi 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Na katika siku za Kaskazi, unyevu unapofika asilimia 80, hewa tunayoivuta huwa imebeba gramu 24. Kompresa ikiishindilia hewa hiyo mpaka bar 8, kisha ikapoa, nafasi iliyobaki haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 3 na kitu. Gramu 20 zilizosalia hugeuka maji. Bunduki inayokula lita 300 kwa dakika hutumia mita 18 za ujazo kwa saa, kwa hiyo katika saa moja ya kazi mashine huwa imekamua maji yanayozidi chupa ya soda. Yasipozuiwa, maji hayo hutoka pamoja na rangi, yakaacha vitundu na malengelenge, na baada ya miezi kutu hufumka chini ya rangi iliyodhaniwa kuwa mpya.

Wengi hufunga kichujio cha maji palepale penye mlango wa tangi, wakadhani wamesalimika. Hasha! Upepo utokao pale ungali moto, na maji yangali yamo ndani yake katika hali ya mvuke, na kichujio hakiwezi kukamata mvuke. Dawa yake ni kuupoza kwanza: upitishe katika bomba la chuma lenye urefu wa mita 7 au 8, lililoinamishwa kidogo, lenye koki ya kumwagia maji mwishoni; matawi ya kuelekea kwenye mpira yatolewe upande wa juu wa bomba, ndipo kichujio kifuatie, na kingine kidogo cha chembe za kukausha kiwekwe karibu na bunduki. Fauka ya hayo, tangi lenyewe lifunguliwe koki ya chini kila jioni, maana maji yakilala humo hukila chuma kutoka ndani, na tangi lililoliwa na kutu likiwa na bar 8 ni hatari ya mauti. Valvu ya usalama isizibwe kamwe, na tangi likaguliwe kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Kabla ya kutia rangi, elekeza bunduki tupu kwenye kipande cha kioo kisafi na uiache ipulize kwa dakika moja. Kioo kikitokwa na ukungu au matone, bado maji yamo. Kikiwa na madoa yanayoteleza kidoleni, ni mafuta yaliyopenya kwenye ringi za pistoni, na mafuta hayo ndiyo yatakayoikimbiza rangi na kuacha macho ya samaki juu ya bodi. Kioo hicho hakina gharama, na kimewaokoa mafundi wengi na rangi ya fedha nyingi. Hali kadhalika, kazi kubwa ifanywe majira ya Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, na ianze baada ya umande kukauka; na mpakaji avae barakoa yenye vichujio vya kemikali, kwa kuwa dawa ya kugandisha inayochanganywa na rangi za leo hudhuru mapafu kwa namna isiyoponyeka upesi.

Basi kwa kijana mwenye fedha za kiasi, shauri letu ni hili: asinunue mashine kubwa kuliko umeme alionao, wala asizimalize fedha zote kwenye tangi linalong'aa. Atenge fungu maalumu, tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya bomba la chuma, koki, vichujio na mpira mpana. Kwani kompresa ya wastani iliyounganishwa vema hutoa kazi ya kudumu, ilhali kompresa kubwa inayotema maji itamrudishia kila gari alilolipaka, na sifa ya fundi katika miji midogo kama hii yetu ikisha kuharibika haitengenezwi kwa rangi.