Pezi lisiloingia ni hasara ya muuzaji

Mfanyabiashara akipata oda ya mbao ndefu za kuteleza mawimbini kutoka hoteli ya ufukweni, macho yake huenda kwenye urefu, rangi na bei. Kinachoweza kumrudishia mzigo kiko chini, karibu na mkia: pezi.

Pezi ndilo mkuku wa ubao. Bila hilo, mkia huteleza ovyo. Zamani watelezaji wa Hawaii waligeuza ubao kwa kuburuza mguu majini. Mwaka 1935 Mmarekani Tom Blake, akiwa Waikiki, alichukua mkuku wa boti iliyotelekezwa na kuufunga chini ya ubao wake. Nahodha yeyote wa jahazi angemwelewa.

Ubao mrefu huanzia futi 9 hivi, yaani karibu mita 2.7. Mpangilio wa kwanza ni pezi moja kubwa katikati. Kanuni ya mafundi ni nyepesi: kila futi ya ubao, inchi moja ya pezi. Ubao wa futi 9 na nusu huanza na pezi la inchi 9 na nusu, na mtu mwepesi hushuka kidogo. Pezi lililosimama wima humfaa anayependa kutembea hadi puani mwa ubao, kwani hushikilia mkia. Lililolalia nyuma hutoa kona ndefu na laini.

Mpangilio wa pili huongeza mapezi mawili madogo pembeni. La kati hupunguzwa hadi inchi 6 au 7 hivi, maana kazi imegawanywa. Ubao hushika vizuri wimbi kubwa lenye kasi. Kwa hoteli inayofundisha wageni kwenye mawimbi madogo, pezi moja linatosha, tena vifaa vya kupotea ni vichache.

Hasara huanzia kwenye matundu. Lile la kati, mfereji wa karibu inchi 10 na nusu katika mbao nyingi, hupokea mapezi ya watengenezaji mbalimbali. Hufungwa kwa skrubu na kibati, na pezi husogezwa: likienda mbele ubao hugeuka kirahisi, likirudi nyuma hunyooka. Ya pembeni ni habari nyingine. Mapezi ya FCS ya Australia yana vijino viwili, ya Futures ya California yana kitako kimoja kirefu, na hayaingiliani. Anayenunua mapezi Nairobi kwa mbao zilizoko Dar es Salaam aombe kwanza picha ya tundu, rula ikiwa kando yake.

Kwenye mitumba, ufa kuzunguka tundu au doa la kahawia ni dalili ya maji kuingia ndani ya povu. Ubao wa namna hiyo uachwe, hata bei ikiteremshwa. Mbao ambazo mapezi yake yamegandishwa moja kwa moja nazo zina usumbufu: hayatoki, hivyo huvunjika kirahisi kwenye lori. Yanayofunguliwa yasafiri kando.

Forodhani, mbao hizi huingia kwenye kifungu cha 9506, pamoja na vifaa vingine vya michezo ya majini.

Skrubu za akiba na vibati vyake vifungwe kwenye mfuko wa pezi. Kimoja kikidondoka mchangani hakionekani tena, na ubao wa futi 9 hulala stoo kwa kukosa chuma cha ukubwa wa ukucha.