Shilingi 130 Usizozijua Kwenye Kadi Yako

Taarifa ya kadi ya mkopo ikifika mwisho wa mwezi, macho hukimbilia zile pesa kubwa: supamaketi, mafuta ya gari, tiketi ya ndege ya Mombasa. Katikati kuna dola 1, kama shilingi 130 hivi, imekatwa na kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Wengi wetu tunairuka. Si ni nauli tu?

Tapeli anaomba uiruke. Mtu aliyenunua namba za kadi zilizoibwa mtandaoni hajui ni zipi bado zinafanya kazi, kwa hivyo anazijaribu kwa kiasi kidogo, mara nyingi usiku ukiwa umelala. Ikipita na mwenye kadi akanyamaza, kinachofuata kinaweza kuwa simu ya elfu themanini.

Lakini usipige nduru bado. Jina geni si lazima liwe la mwizi. Unajua vile unalipia chakula kibandani kwa namba ya till, halafu meseji inakuja na jina la mtu usiyemjua? Kadi ni vivyo hivyo: duka linaweza kuonekana kwa jina lililosajiliwa, si lile la kwenye bango. Malipo ya Google Play huanza na neno GOOGLE. Uber wakati mwingine hushikilia pesa kwa muda kabla ya safari, kisha huziachilia. Na kuna ile huduma uliyoijaribu bure mwezi mmoja ukasahau kuifunga. Uliza pia nyumbani, hasa mtoto anayecheza gemu kwenye simu yako.

Ukikosa jibu, funga kadi kwanza, maswali baadaye. Programu nyingi za benki zina sehemu ya kuifunga kadi papo hapo. Kisha piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yenyewe, usitafute namba Facebook. Sema unapinga malipo hayo, taja tarehe na kiasi, na usikate simu kabla ya kupewa namba ya malalamiko yako. Iandike mahali.

Hapa kadi ina nafuu kuliko pesa za simu. Ukituma pesa kwa simu na mpokeaji akazitoa, kuzirudisha ni kazi ngumu. Kwa kadi, benki yako inaweza kuidai benki ya aliyelipwa kupitia mtandao wa Visa au Mastercard. Kwa malalamiko mengi Visa huzipa benki hadi siku 120, ingawa benki yako inaweza kukutaka useme mapema zaidi, kwa hivyo piga siku hiyo hiyo.

Sasa sikiza, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia kweli. Siku moja au mbili baadaye unaweza kupigiwa na mtu mpole sana anayejiita afisa wa benki. Ana jina lako lote na tarakimu nne za mwisho za kadi, na anasema anakurudishia pesa, wewe msomee tu namba zilizoingia kwa meseji. Hayo anayoyajua hayathibitishi kitu. Aliyenunua kadi yako anayo pia. Zile namba ndizo ruhusa ya malipo mapya. Ukimsomea, benki itaona malipo yamethibitishwa kwa simu yako, na kuyapinga kunakuwa vigumu sana. Kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN wala namba za meseji. Kata simu, upige mwenyewe ile namba ya nyuma ya kadi.

Kitu kingine ambacho wateja husahau: kupinga shilingi elfu tano hakusimamishi deni lote. Zile ulizotumia mwenyewe zilipe kwa tarehe yake, la sivyo riba itapanda na jina lako linaweza kufika CRB kwa deni ambalo halina ubishi. Kuhusu kiasi unachopinga, iulize benki ikwambie kwa maandishi kama unangojewa ulipe uchunguzi ukiendelea.

Kadi mpya itakuja na namba mpya. Huduma ulizokuwa unalipia kila mwezi kwa ile ya zamani zitahitaji kubadilishiwa, na ukikaa chini kuziorodhesha kuna uwezekano mkubwa utapata mbili tatu ambazo hata huzitumii.