Je, Wajua? Gari la Spy Hunter Lilivyozaliwa Upya

Spy Hunter, iliyotolewa na kampuni ya Bally Midway ya Marekani mwaka 1983, ni gemu ya mashine za sarafu, yaani makabati yenye skrini, usukani, gia na pedali yaliyowekwa katika kumbi za starehe, ambamo mchezaji alitumbukiza sarafu kila alipotaka kucheza. Mchezaji huendesha gari la jasusi, akiwapiga maadui walio mbele kwa rashasha, na wanaomfukuza akiwamwagia oili ili wateleze au akiwafukizia moshi ili wasione njia. Silaha hizo za nyuma huletwa na lori linalofungua mlango wake likiwa mwendoni, gari likapanda ndani na kushuka limesheheni. Barabarani wamo pia raia wasio na hatia, na anayempiga mmoja wao hunyimwa pointi kwa muda; kanuni hiyo ndiyo iliyoipa gemu uzito, kwa kuwa kidole kinalazimika kusubiri jicho.

Mandhari yote ilitazamwa kutoka juu, kama tai anavyoitazama barabara ya Mpanda kwenda Sitalike, mkoani Katavi, akiliona gari linalokimbia pamoja na linalolikimbiza.

Mwaka 2001 kampuni ya Paradigm Entertainment iliiunda upya gemu hiyo, ikatolewa na Midway kwa ajili ya PlayStation 2, mashine iliyozoeleka sana katika mabanda ya gemu nchini Tanzania. Safari hii mchezaji aliwekwa nyuma ya gari, katika ulimwengu uliojengwa kwa poligoni, yaani vipande vidogo vyenye pembe ambavyo, vikiunganishwa kwa maelfu, hufanya daraja, mlima au tairi. Barabara sasa huja usoni kama inavyomjia dereva, kona ikijificha hadi afike. Gari lenyewe hugeuka boti linapoingia majini, na likiharibika vibaya hubaki pikipiki, ilhali mwaka 1983 mchezaji alilazimika kupitia banda la boti kwanza.

Mabadiliko hayo yaliongeza msisimko, lakini yalidai gharama: adui wa nyuma hakai tena mbele ya macho ya mchezaji muda wote, hivyo oili, iliyokuwa silaha ya shabaha, ikawa kwa kiasi kikubwa silaha ya kukisia. Kwa uendeshaji, toleo jipya limeshinda. Kwa mapigano, la zamani bado lina ufundi zaidi.

Muziki haukuachwa. Wimbo wa Peter Gunn, uliotungwa na Henry Mancini kwa tamthilia ya televisheni ya mwaka 1958, ulisikika katika gemu ya kwanza, na katika ya mwaka 2001 ukapigwa kwa mtindo wa roki na bendi ya Saliva. Aidha, ndani ya diski ya mwaka 2001 imo gemu yenyewe ya mwaka 1983, iliyofungwa hadi mchezaji atimize kazi alizopewa.