Mgonjwa wa Akili Apelekwe Zahanati, si Kituo cha Polisi

Bunge la Kenya lilirekebisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2022, likazipa kaunti wajibu wa kuwatibu wagonjwa katika vituo vyao. Mwaka uliofuata, Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ikawatambua wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Hata hivyo, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliendelea kumhesabu kuwa mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba, Januari 2025. Katekisimu yetu, namba 2282, ilikwisha kutufundisha kwamba maradhi mazito ya nafsi hupunguza wajibu wa mtenda (jambo tunalolisahau upesi tunaponong'ona matangani). Sasa tunaziuliza kaunti: akifika zahanati, atamkuta nani wa kumsikiliza, na dawa gani?