Farasi Asiyefika Karungu: Kuzuru Medani za Mpakani za Mwaka 1914

Katika nchi kadhaa ambako vita vya kale vimegeuzwa kivutio cha watalii, mgeni hupandishwa farasi na kuongozwa polepole kati ya vilima na mabonde, kama ifanyikavyo Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambako majeshi mawili yalipambana kwa siku tatu mnamo Julai 1863. Desturi hiyo ina hoja yake, kwa kuwa mpandaji huwa juu ya majani na vichaka, huona umbali uleule aliouona ofisa wa zama zile, na huenda kwa mwendo uliotumiwa na sehemu ya majeshi yenyewe. Anayetaka kuihamishia desturi hiyo Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, ambako Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika katika wiki zake za mwanzo, hukabiliwa na kizuizi kisichohusu fedha wala barabara: vita vya huku havikuamuliwa na wapanda farasi, na sababu iliyomweka farasi kando ndiyo inayoeleza kwa nini mapigano yalikwenda yalivyokwenda.

Mpaka uliopiganiwa ulikuwa mchanga. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886 uliugawa ukanda wa Afrika Mashariki kwa mstari uliotoka kwenye mlango wa mto Umba, pwani, ukapinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro, kisha ukanyooka hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, pale unapokatwa na latitudo ya digrii moja kusini ya ikweta, karibu na Muhuru ya leo. Mkataba wa mwaka 1890 uliuendeleza mstari huo ndani ya ziwa, na kati ya 1904 na 1906 tume ya pamoja ya wapimaji iliufuata ardhini kutoka ziwani hadi Kilimanjaro. Wakuria na Wajaluo waliokuwa wakiishi huku na huku hawakuulizwa, na hadi sasa ukoo mmoja unaweza kuwa na mashamba Kehancha na jamaa Tarime, au makaburi ya mababu Shirati na wajukuu Sori. Upande wa kaskazini wa mstari huo Waingereza waliita Kavirondo Kusini, wilaya iliyokusanya nchi ambayo leo ni kaunti za Migori, Homa Bay, Kisii na Nyamira. Boma lake la kwanza, yaani kituo cha utawala, lilikuwa Karungu kando ya ziwa kabla ya kuhamishiwa nyanda za juu za Kisii.

Upande wa kusini, Shirati ilikuwa kituo cha Wajerumani, na vita vilipotangazwa Agosti 1914 kituo hicho kilikuwa karibu zaidi na Karungu kuliko Karungu ilivyokuwa karibu na Kisumu. Umbali huo ulikuwa na uzito wake, kwa sababu reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, na aliyeishika Kisumu aliweza kukata njia ya Uganda yote. Katika wiki ya pili ya Septemba kikosi cha Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika walioamriwa na maofisa wa Kizungu, kilivuka mpaka, kikaishika Karungu, na tarehe 11 kikaingia Kisii, ambako watawala wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Waingereza walijibu kwa kuwasafirisha askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi lililojulikana na wananchi kama Keya, kwa meli ya mvuke kutoka Kisumu hadi Kendu Bay, na kutoka hapo wakapanda kwa miguu hadi Kisii.

Mapandio hayo yastahili kutembewa na kila anayetaka kuyaelewa mapigano ya tarehe 12. Uso wa ziwa upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Kisii upo karibu mita 1,700, na njia ya Kendu Bay kupitia Oyugis hupanda hatua kwa hatua, ikitoka kwenye joto la ufuoni na kuingia baridi ya migomba na majani chai, huku nyuma mlima Homa ukibaki kuonekana kwa muda mrefu juu ya ghuba ya Winam. Askari waliofika juu walikuwa wamebeba bunduki, risasi na maji yao, nao waliwakuta Wajerumani wakiwa tayari mjini. Mapigano yalichukua sehemu kubwa ya siku katika vilima vinavyouzunguka mji, kwa masafa ambayo mara nyingine yalikuwa mafupi sana, na kapteni wa Kiingereza aliyekiongoza kikosi cha Keya aliuawa. Jambo moja la kiufundi husaidia kuyaona mapigano hayo: kampuni nyingi za Schutztruppe wakati huo zilikuwa bado na bunduki za muundo wa mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi, na kila mpigaji aliyefyatua aliacha wingu la moshi juu ya kichwa chake, hivyo adui aliyekuwa na baruti isiyotoa moshi hakuhitaji kumwona mtu ili ajue pa kulenga. Katika kilima chenye migomba na nyasi ndefu, hasara hiyo si ndogo.

Usiku ulipoingia kila upande uliamini umeshindwa, au walau umechoka kupita kiasi, na pande zote mbili zikaondoka. Mji ukabaki bila mwenyewe. Wakazi wa jirani waliingia wakachukua walichokipata bomani, madukani na katika misheni, na Waingereza waliporejea waliwaadhibu Wagusii kwa kuwachomea nyumba na kuwanyang'anya mifugo. Vitabu vya kijeshi huimaliza habari ya Kisii kwa sentensi moja juu ya kurudi nyuma kwa Wajerumani. Kwa wenyeji, sehemu nzito zaidi ya vita ilianzia hapo.

Ziwani nako kulikuwa na medani yake. Meli ya Waingereza, Winifred, ilipojaribu kuteremsha askari Karungu katikati ya Septemba ilikutana na Muansa, chombo kidogo cha Wajerumani kilichofungwa mzinga, ikalazimika kurudi. Iliporejea ikiwa na mwenzake Kavirondo, Muansa iliondoka na Karungu ikachukuliwa tena. Machi 1915 kulikuwa na mapigano mengine nchi kavu, huko Mwaika, kusini mwa Karungu, ambayo yalipunguza sana hatari ya mashambulizi kwenye ukingo huo wa ziwa. Kwa msomaji wa ramani funzo ni wazi: katika vita hivi meli ya mvuke ilifanya kazi ambayo kwingineko ingefanywa na kikosi cha farasi, yaani kubeba watu haraka hadi ubavuni mwa adui.

Sababu ya hali hiyo ni nzi. Mbung'o, anayeitwa pia ndorobo, hunyonya damu ya wanyama na huwaambukiza vimelea viitwavyo tripanosoma, ambavyo wanyama wengi wa porini huishi navyo bila kudhurika, ilhali mifugo hupata maradhi ya nagana. Daktari wa jeshi David Bruce aliufichua uhusiano huo Zululand katika miaka ya 1890, na mwaka 1903, akiwa Entebbe, alisaidia kuthibitisha kwamba vimelea vya jamii hiyo ndivyo vilivyosababisha malale, ugonjwa wa kusinzia ambao uliua watu zaidi ya 200,000 katika fukwe za Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Ng'ombe wa kienyeji wa baadhi ya koo wana ustahimilivu fulani, farasi hana. Akishaambukizwa hupata homa ya kupanda na kushuka, miguu na sehemu ya chini ya tumbo hufura, macho huweza kupata ukungu, mwili hukonda ijapokuwa bado anakula, kisha hupepesuka na kufa, mara nyingi ndani ya wiki chache. Mwaka 1914 matabibu wa mifugo waliweza kumpa arseniki, dawa iliyomsogeza mbele kidogo tu. Juu ya nagana kuna ugonjwa mwingine wa farasi unaosababishwa na virusi na kuenezwa na usubi, wale wadudu wadogo mno wanaouma jioni kando ya maji, ambao huweza kumuua farasi kwa siku chache kwa kuyajaza mapafu yake majimaji. Nchi yenye ziwa upande mmoja na bonde la Lambwe upande mwingine ina wadudu wote wawili.

Bonde la Lambwe, katika kaunti ya Homa Bay, lilikuwa na sifa mbaya kwa sababu hiyo hata baada ya ukoloni. Eneo lake la katikati lilifanywa hifadhi mwaka 1966 na mwaka 1983 likawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120, ambayo ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Si kosa kusema kwamba korongo huyo alisalia kwa sababu mbung'o aliwazuia wafugaji. Mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi iliyotiwa dawa, ambayo mgeni huiona ikining'inia vichakani, imeupunguza sana ugonjwa, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitambua kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma nchini Kenya. Kupungua kwa malale ya binadamu, hata hivyo, si ruhusa ya kumpeleka farasi Lambwe.

Waingereza hawakukosa farasi kabisa. Walowezi waliunda Nairobi, Agosti 1914, kikosi cha wapanda farasi kilichoitwa East African Mounted Rifles, na picha za wakati ule zinaonyesha farasi mweupe aliyepakwa michirizi ili afanane na punda milia. Mwaka 1916 majeshi kutoka Afrika Kusini yalileta farasi kwa maelfu, na jemadari van Deventer akawakimbiza wapandaji wake hadi Kondoa Irangi kabla mvua na nagana hazijawamaliza. Hadi mwisho wa mwaka huo wanyama waliokufa, pamoja na ng'ombe wa mikokoteni na nyumbu wale wazaliwao na punda na farasi, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Mnyama alipokufa, mzigo wake ulihamia kichwani mwa mtu. Hesabu ya upagazi ni rahisi, na ukatili wake umo katika urahisi huo. Mpagazi akibeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku, basi safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi humla yeye mwenyewe kilo 20, na askari aliye mbele hupokea kilo tano tu. Njia ikirefuka kwa siku tatu zaidi, mzigo wote hautoshi hata kumrudisha aliyeubeba. Ndiyo maana jeshi lililosonga kusini lilihitaji wapagazi wengi kuliko askari, na ndiyo maana mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa amelitawala jimbo la Nyanza kwa miaka mingi, alikabidhiwa kazi ya kuwakusanya kwa nguvu. Nyanza ilitoa wengi mno. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara, nimonia na malaria, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mgeni anayetembea kutoka Kendu Bay akiwa na mkoba wa kilo 25 atajifunza kuhusu vita hivi zaidi ya yule aliyeketi juu ya tandiko.

Lakini ziara ya mpakani inayoanza mwaka 1914 huanza kwa kuchelewa. Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, ni mkusanyiko wa maboma ya mawe yaliyojengwa tangu karne ya 16 bila udongo wala saruji, mawe yakishikana kwa kupangwa tu, na mwaka 2018 UNESCO iliuandikisha katika Urithi wa Dunia. Kuta zake hufika mita nne na zaidi mahali pengine, na milango yake ni mifinyu na ya chini, kiasi kwamba mtu mzima huingia ameinama, kichwa kikitangulia mbele ya mlinzi aliye ndani. Malango ya Kano, kaskazini mwa Nigeria, ambako wapanda farasi walikuwa nguvu ya dola, yalilazimika kumpitisha mtu aliye juu ya mnyama. Wajenzi wa Thimlich waliwafikiria wezi wa mifugo na maadui wanaokuja kwa miguu, pamoja na wanyama wakali. Maboma ya namna hiyo yametapakaa katika eneo lote la kusini mwa ghuba ya Winam, ushahidi kwamba nchi hii ilikuwa ya mpakani kabla Mzungu hajachora mstari wowote.

Kwa anayepanga ziara, mpangilio ufaao ni kutembea katika sehemu zenye maana, kama mapandio ya Kendu Bay na vilima vya Karungu, na kuchukua bodaboda kati ya sehemu hizo, akiepuka miezi ya Machi hadi Mei ambapo udongo mweusi wa Nyatike, katika kaunti ya Migori, hunasa hata pikipiki. Karibu ardhi yote ni mashamba ya watu, hivyo ruhusa huombwa kwa mwenye shamba, na ni adabu kupitia kwa chifu kwanza. Ganda la risasi likionekana lisiokotwe, ingawa sheria yenyewe haina nguvu hapo kama inavyodhaniwa: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa nchini au kuletwa kabla ya mwaka 1895, na kwa hiyo risasi na mahandaki ya mwaka 1914 hayamo ndani ya ulinzi hadi waziri ayatangaze katika gazeti rasmi la serikali, hatua ambayo viongozi wa kaunti za Migori na Homa Bay wanaweza kuiomba bila kusubiri farasi wala watalii.