Mpiga Ngoma Hodari Huanza kwa Kusikiliza

Mtu apitaye kati ya mashamba ya miwa ya Musanda, karibu na Mumias katika Kaunti ya Kakamega, huenda akaisikia ngoma kabla hajawaona wapigaji wake. Ikiwa ni arusi atatambua, na ikiwa ni matanga atatambua pia, maana kila shughuli ina mwendo wake. Lakini lipo jambo la tatu atakalolitambua upesi: kwamba wapigaji hao ni mafundi, au ni watu wenye nguvu za mikono tu.

Vijana wengi wanaotaka kujifunza ngoma hudhani kuwa ufundi uko katika nguvu na wepesi. Humwona mpigaji mashuhuri akitoka jasho, nao hutamani kupiga kwa kishindo kama yeye. Hawaoni kwamba mtu huyo, katikati ya kelele zote, anamsikiliza mwimbishaji, anaitazama miguu ya wachezaji, na anajua wenzake wawili wamefika wapi. Sikio ndilo la kwanza, mkono ni wa pili, na madoido huja mwisho. Anayeugeuza utaratibu huu huchelewa kuwa fundi, au hafiki kabisa.

NGOMA TATU, KAZI MOJA

Ngoma inayojulikana zaidi katika nchi ya Waluhya ni isukuti. Asili yake ni kwa Waisukha na Waidakho, ambao makao yao ni upande wa Shinyalu na Ikolomani, lakini sauti yake imeenea mbali na huko. Husikika wakati wa kuzaliwa kwa mtoto, jandoni, arusini, mazikoni, na fahali anaposindikizwa kwenda kupigana na mwenziwe. Hata katika viwanja vya mpira, mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa 1964, huichukua kuwatia moyo wachezaji wao.

Isukuti hupigwa kwa seti ya ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Pamoja nazo hupulizwa pembe ya swala na kutikiswa njuga za chuma. Mwimbishaji mmoja hutangulia kwa maneno, na wachezaji, wanaume safu yao na wanawake safu yao, hucheza kwa mabega na miguu. Hapa pana somo la kwanza kwa mwanafunzi. Ngoma hizo tatu hazifanyi kazi tatu. Zinafanya kazi moja. Kama kila mpigaji akipiga yote ayajuayo, msikilizaji hatasikia chochote ila vurugu. Kila mmoja akishika fungu lake na kumwachia mwenzake nafasi, ndipo mafungu matatu huungana yakawa sauti moja ambayo hakuna hata mmoja angeweza kuipiga peke yake.

Jambo hili si la Waluhya tu. Katika jumba la Kabaka wa Buganda palikuwa na ngoma zilizoitwa entenga, ambazo jumla yake ilikuwa 15. Kumi na mbili kati yake zilipangwa kwa sauti kama nyuzi za kinanda, na watu sita walizipiga pamoja. Wimbo uliosikika ulitokana na mapigo ya mtu mmoja kuingia katika nafasi alizoacha mwingine. Mwaka 1966, jumba lile liliposhambuliwa na Kabaka kukimbilia ng'ambo, desturi ya kuzipiga humo ilikatika. Ufundi wa namna hiyo hauishi katika mti wala ngozi. Huishi katika watu waliozoeana.

MKONO NA NGOZI

Kabla ya kupiga, mwanafunzi aijue ngoma yake. Ngoma ya isukuti huwambwa upande mmoja, na upande wa pili huachwa wazi. Huvikwa begani kwa ukanda na kushikwa chini ya kwapa. Sauti nzito hupita katika ule upande ulio wazi, kwa hiyo anayeuziba kwa paja au kwa nguo huinyima ngoma pumzi yake. Kadhalika asiibane kwa mkono kana kwamba itatoroka, maana mzinga uliobanwa hauvumi vema.

Zamani ngozi iliyopendwa kuwambia isukuti ilikuwa ya kenge. Lakini sheria ya Kenya ya mwaka 2013 juu ya wanyama wa porini inakataza kuwaua pasipo kibali, basi imempasa mtengenezaji kuzoea ngozi nyingine. Ngozi nyembamba ya mbuzi, ikiwambwa sawasawa, hutoa sauti kali na safi. Hali ya hewa ya unyevu huilegeza ngozi, na jua au joto la moto huikaza. Afadhali kuiweka ngoma mbali kidogo na moto na kuigeuza mara kwa mara, kuliko kuisogeza karibu sana ikapasuka kabla ya shughuli kuanza.

Mapigo ya kujifunza kwanza ni matatu. La kwanza ni pigo zito: kiganja hushuka katikati ya ngozi na kuinuka mara moja. La pili ni pigo la wazi: vidole vilivyokaa pamoja hugusa karibu na ukingo na kuruka, sauti ikabaki inalia. La tatu ni pigo la kufunga: vidole hubaki juu ya ngozi, sauti ikakatika. Mwanafunzi ayapige haya polepole, moja moja, mpaka mtu aliye nje ya nyumba aweze kuyatambua bila kuona mkono. Kisha afanye hivyo kwa mkono wa pili, ambao kwa kawaida ndio mvivu.

Kifundo cha mkono kiwe laini, na bega lisipande juu. Pete zivuliwe. Mkono ukianza kuuma, upumzishwe. Maumivu si alama ya bidii, ni alama ya kupiga vibaya. Dakika 15 kila jioni zafaa kuliko saa mbili za Jumapili moja, maana mkono hukumbuka lile linalorudiwa. Tena wahenga walisema kuwa ngoma ikilia sana hupasuka. Mpigaji asiyejua ila kupiga kwa nguvu huichosha ngozi, hujichosha mwenyewe, na huwachosha wasikilizaji.

KUSHIKA WAKATI

Kosa linaloharibu ngoma nyingi ni haraka. Watu wakishangilia, damu huchemka na mapigo huongezeka bila mpigaji kujua. Baada ya muda mfupi mwimbishaji hukosa mahali pa kupumua, na wachezaji wazee huondoka uwanjani. Kuongeza mwendo kwa makusudi, kwa ishara ya kiongozi, ni ufundi. Kuuongeza kwa kutojitawala ni udhaifu.

Dawa yake ni kuutia wakati mwilini kabla ya kuutia katika ngozi. Mwanafunzi ahesabu toka moja hata sita, bila kusita, na kurudia. Mguu ukanyage katika moja na nne. Mikono ipige makofi katika moja, tatu na tano. Hapo mguu utakuwa na mapigo mawili na mikono mapigo matatu, katika muda ule ule. Mwanzoni mguu utataka kuufuata mkono, lakini baada ya siku chache kila kiungo kitashika njia yake. Kisha abadilishe: mguu uchukue matatu, mikono ichukue mawili. Mchanganyiko huu wa mbili na tatu hupatikana katika ngoma nyingi za Afrika, na asiyeuweza atapotea mara tu wenzake watakapoanza kujibizana.

Wapo pia walimu wasiosema neno. Njuga za chuma ni mmojawapo, kwa kuwa sauti ya chuma hupenya hata pale sauti ya ngozi inapomezwa na nyimbo. Aliyepotea azitegee sikio, arudi. Miguu ya wachezaji ni mwalimu mwingine. Katika Musanda yapo makanisa ya Roho, ambayo historia yao inamkumbuka Alfayo Odongo Mango, aliyeuawa hapo pamoja na baadhi ya wafuasi wake mwezi wa Januari 1934. Waumini wa makanisa hayo huandamana kwa nyimbo na ngoma. Mpigaji anayetembea na wengi, wazee kwa watoto, hana ruhusa ya kuharakisha: akifanya hivyo safu hukatika nyuma yake naye haoni. Tena wapenzi wa gita la nchi ya Waluhya wanajua kuwa katika nyimbo za watu kama George Mukabi, aliyefariki 1963, chupa ya soda iliyogongwa ilitosha kushika mwendo. Chombo kilikuwa duni, wakati haukuwa duni.

Siku hizi simu ya mkononi inaweza kumsaidia mwanafunzi. Ajirekodi akipiga kwa dakika tano, kisha ahesabu mapigo ya robo dakika ya mwanzoni na ya robo dakika ya mwisho. Kama yalikuwa 30 na sasa ni 36, amekimbia, hata kama moyo wake unamwambia hakukimbia.

KUBUNI PAPO HAPO

Mtu akiisha kushika mapigo ya asili pasipo kuyumba, ndipo ana haki ya kuyapamba. Anayebuni kabla ya hapo hafanyi madoido, anaficha makosa.

Mwanzo mwema ni kubadili jambo moja tu. Achukue fungu la kawaida, aondoe pigo moja na kuacha kimya mahali pake, kisha arudi. Raundi ifuatayo aligeuze pigo la wazi liwe la kufunga. Halafu aongeze pigo mbele ya lile ambalo watu wanalitazamia. Atoke kwa raundi mbili, arudi nyumbani kwa nne, ili msikilizaji asisahau nyumba ilipo. Kimya ni sehemu ya ngoma, na mara nyingi nafasi iliyoachwa kwa wakati wake huwasisimua wachezaji kuliko mapigo kumi.

Pili, kubuni ni mazungumzo. Mwimbishaji anapotamka maneno, ngoma ishuke, kwa sababu watu wamekuja pia kusikia jina la marehemu likitajwa, au sifa za bibi arusi. Kiitikio kikianza, mpigaji ana nafasi ya kujibu. Mchezaji akiingia uwanjani na kutikisa mabega, mapigo yamfuate yeye. Akichoka, yampe njia ya kutoka kwa heshima. Asiwepo hata siku moja mpigaji anayebuni wakati mwenziwe anabuni. Mmoja akitoka, wawili hubaki wakilinda.

Katika Burundi jambo hili huonekana kwa macho. Ngoma za kifalme hupangwa nusu duara kuizunguka ngoma moja ya katikati, na idadi yake daima haigawanyiki kwa mbili. Baadhi hupigwa bila kukoma, na nyingine hufuata mwendo unaotolewa na ile ya katikati. Wapigaji huruka na kucheza kwa ustadi unaoshangaza, lakini uhuru wao wote unatokana na wale wasioruka. Kijana aliyepewa fungu la kushika mwendo asidhani amedharauliwa. Amepewa nguzo ya nyumba.

NANI ATARITHI?

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwaka huo huo ngoma za kifalme za Burundi nazo ziliandikwa, ila katika orodha nyingine, ya urithi usio hatarini. Tofauti hiyo yafaa ifikiriwe. Sababu zilizotajwa kwa isukuti ni wazi: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni haba, watunzi wengi hupendelea muziki wa biashara, na wasikilizaji wameridhika na burudani nyingine.

Spika zilizokodiwa zaweza kujaza uwanja sauti, lakini haziwezi kumtazama mama aliyefiwa na kupunguza mwendo. Kazi hiyo humtaka mtu, na mtu huyo hutakiwa kufundishwa na mwingine aliye hai. Maelezo ya gazetini hayatoshi. Yatamsaidia mwanafunzi aulize maswali mema atakapoketi karibu na mjuzi.

Basi mkulima mwenye nafasi jioni baada ya palizi, na karani anayepokea mshahara mjini, kila mmoja ana la kufanya. Seti moja ya ngoma tatu inaweza kununuliwa kwa mchango wa watu wachache wa kijiji. Mzee ajuaye aombwe kwa adabu, apewe kiti na chai, na asiharakishwe. Mtoto apewe ngoma ndogo aiweke chini ya kwapa, asikilize kwanza, apige baadaye. Siku ya shughuli, kijana akipiga vema, asifiwe mbele ya watu na kupewa chochote kilichopo mfukoni, kwa kuwa mcheza kwao hutunzwa. Na asipotunzwa kwao, atakwenda kucheza pengine, au ataacha kabisa.