Tuta la Reli Lageuka Njia ya Baiskeli

Mwaka 1986 mafuriko yaliharibu reli iliyofuata mto Missouri, nchini Marekani, na kampuni ya Missouri-Kansas-Texas ikaacha kuitumia. Leo tuta lake, pamoja na kipande kilichoongezwa baadaye, ni njia ya baiskeli yenye urefu wa kilometa 386 hivi, ipitayo misituni na mashambani pasipo magari.

Miinuko yake ni midogo. Sababu ni msuguano: gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kidogo, hivyo garimoshi huteleza penye mwinuko mkali. Wajenzi walichimba vilima na kujaza mabonde. Jasho lao sasa humpunguzia jasho mpanda baiskeli, ambaye hawakumfikiria kamwe.

Juu ya tuta kumetandazwa changarawe ya mawe ya chokaa. Unga wa mawe hayo hujaza nafasi baina ya vipande, na ukishindiliwa ukiwa na unyevu hushikamana. Lakini maji yaendayo kasi huuzoa. Mafuriko ya 1993 yaliharibu sehemu kubwa.

Wenye mashamba walikwenda mahakamani, wakidai ardhi irudi kwao reli ilipokoma. Walishindwa: sheria ya 1983 huihesabu njia ya namna hiyo kuwa akiba, endapo garimoshi litahitajika tena.